MREJESHO: Kumtumikia Mungu msimu wa korosho

Bwana asifiwe wapendwa. Niliuliza nimtumikieje Mungu wakati huku Masasi, korosho zikianza kudondoka, tunashinda shambani. Asanteni sana.

Dada aliyenipa Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, amenisaidia mno. Mizani ya duka langu nimeigeuzia kwa mteja, asome mwenyewe kabla sijafunga mchele. Moyo umetulia kwelikweli.

Ibada ya familia alfajiri haikuwezekana, kila mtu anawahi kuokota. Tumeihamishia jioni: tunachambua korosho, daraja la kwanza huku, la pili kule, tunaimba pambio, na mtoto wa mwisho ndiye anayeomba. Hiyo imeshika.

Jumuiya ya katikati ya wiki bado sijaiweza. Mwenye mbinu aniambie, nitashukuru.