Naomba ushauri: kuwapeleka wafanyakazi kwa farasi, Usa River

Mama_Utumishi: Ndugu zangu, habari za mchana. Ninasimamia utumishi katika kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, na nimepewa jukumu la kuandaa siku ya kuwaunganisha wafanyakazi kabla ya msimu kuanza. Nimependekeza twende kwenye banda la farasi upande wa Usa River, ambako watu hawapandi, bali humsugua farasi kwa brashi, humwongoza kwa kamba, na kumpitisha kati ya vizuizi wakiwa wawili wawili bila kusemezana. Je, jambo hili lina faida, au nitaambiwa nimechezea fedha?

Mkibosho: Dada, chukua fedha hizo uchome ndafu, mkae Duluti mpaka jioni. Ofisini kwetu tulishindanishwa kuvuta kamba, na walioshindwa hawakutusalimia mpaka Pasaka.

Bwana_Mifugo: Nimehudumia farasi kwa muda mrefu, na hakuna ajuaye kupima hali ya mtu kama wao. Farasi ni mnyama wa kuwindwa: macho yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, na sikio moja hukugeukia kabla hujafika. Ukikaza kamba kwa hasira huinua kichwa na kugoma. Ukishusha pumzi, naye hulegea. Muulize mwenye banda kuhusu chanjo ya ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, maana huua upesi mno, na kuhusu mbung'o pia.

Dada_Nasaha: Mama, kwa nini farasi na si mpira wa miguu? Kuna jambo gani hapo ofisini?

Mama_Utumishi: Sikutaka kulileta hapa. Dereva wetu mmoja alifariki katika ajali ya barabarani, na mwenzetu aliyekuwa kwenye usukani bado yupo kazini. Hakuna anayemlaumu kwa maneno, lakini akikaa mezani wenzake huinuka na sahani zao. Nimepanga yeye awe wa kwanza kushika kamba, wote wamtazame. Tafadhali msinishauri niahirishe, kwani kianzio nimeshalipa.

Mzee_wa_Machame: Mwanangu, msiba haumalizwi na mnyama. Iteni mchungaji na shehe, mkae na familia ya marehemu, mlie pamoja.

Dada_Nasaha: Mzee amesema kweli, ingawa farasi nao wana nafasi yao. Lis Hartel wa Denmaki alipooza miguu kuanzia magotini kwa polio mwaka 1944, na mwaka 1952 akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Helsinki akiwa juu ya farasi. Habari yake iliwapa wengi moyo wa kutumia farasi katika tiba. Lakini tiba si michezo ya ofisini. Utaratibu wa EAGALA, chama cha tiba kwa kutumia farasi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1999, unataka mtaalamu wa afya ya akili na mtaalamu wa farasi wawepo pamoja. Huko Usa River, yupo wa kwanza?

Kijana_Sakina: Wakuu, habari hii inanukia tangazo. Ajali, machozi, kisha banda la farasi: mwenye banda ndiye anayeandika.

Mkibosho: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mama_Utumishi: Kaka, sijataja jina la banda, na yeyote atakayeniuliza faragha sitamtajia. Marehemu nilimwandikia mimi mkataba wake wa kazi. Siwezi kumfanya chambo. Na kwa dada: mtaalamu wa afya ya akili hayupo, ila mwenye banda ni mtu mpole sana.

Dada_Nasaha: Ninakuamini, lakini upole hautamsaidia mtu akianza kutetemeka mbele ya wenzake. Huyo dereva mwenyewe anajua mpango huu?

Mama_Utumishi: Hajui, kwani akijua atakataa.

Dada_Nasaha: Basi mwambie kesho, mkiwa wawili tu. Akikataa, abaki nyumbani na siku yake ilipwe. Akikubali, asitangulie; mwache amsugue farasi pembeni pasipo watazamaji, na fedha zilizobaki baada ya kianzio zimlipe mshauri nasaha wa kukaa na wengine wote.