Kreki na kokeini ya unga Marekani: ubaguzi unajificha wapi?

Swali: Wakuu, sheria ya shirikisho ya Marekani haitaji rangi ya mtu. Inakuwaje basi weusi ndio waliobeba vifungo virefu vya kreki (kokeini ya vipande inayovutwa)?

Jibu 1: Mkuu, tazama mizani. Sheria ya 1986 ilitoa kifungo cha lazima cha miaka 5 kwa gramu 5 za kreki. Kwa kokeini ya unga, hadi zifike gramu 500. Dawa ni ileile, umbo tu ndilo tofauti. Na waliotiwa hatiani kwa kreki katika mahakama za shirikisho, zaidi ya asilimia 80 walikuwa weusi.

Jibu 2: Mwaka 2010 kiwango cha kreki kilipandishwa hadi gramu 28, yaani uwiano wa 18 kwa 1. Nafuu kubwa, ila usawa bado. Waliohukumiwa zamani vifungo vya lazima walisubiri sheria ya 2018 ndipo waombe kupunguziwa, na jaji halazimiki kukubali. Kichekesho kichungu: mwaka 2021, katika kesi ya mfungwa aitwaye Terry, Mahakama ya Juu ilisema waliokamatwa na kreki kidogo kuliko kiwango cha kifungo cha lazima hawahusiki na nafuu hiyo!

Jibu 3: Msiishie mahakamani. Polisi wakirundikwa mtaa mmoja, rekodi hurundikana hukohuko, na hatia ya zamani huongeza alama za kukokotoa kifungo kipya. Kuthibitisha ubaguzi nako ni kazi: tangu Mahakama ya Juu iamue kesi ya mshtakiwa Armstrong, 1996, mshtakiwa anayetaka nyaraka za mwendesha mashtaka lazima kwanza aonyeshe watu wa rangi nyingine walioachwa kwa kosa kama lake. Ushahidi huo mara nyingi umo ndani ya nyaraka hizohizo.