Ninunue kidude kipya cha OBD au sensa ya krenki? RPM zinaruka ovyo

Mpiga_Gia: Wakuu, habari za jioni. Narekodi data za gari kwa simu, kupitia kidude cha OBD kinachochomekwa kwenye soketi ya gari, nijue mafuta yananiishia wapi, ila RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zimepagawa. Gari imesimama, iko sailensi (injini inawaka, sikanyagi mafuta), mara 780, mara 0, mara maelfu huko. Nina shilingi 120,000 tu. Nichukue kidude cha OBD cha maana au niende Shaurimoyo nikatafute sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini? Fundi wangu anasema sensa.

Babu_Spana: Gari gani? Ya mwaka gani? Hapa hatupigi ramli.

Dada_Boxer: Na mshale wa RPM kwenye dashibodi nao unaruka?

Mpiga_Gia: Samahani wakuu. Toyota IST ya 2004. Mshale umetulia tuli. Kidude ni kile cha bluu cha Bluetooth, 15,000 Kariakoo.

Babu_Spana: Sasa mshale umetulia, sensa unainunulia nini? Ingekuwa inakatakata, gari ingezima njiani na msimbo P0335, wa hitilafu ya sensa hiyo, ungekuwa umeshajiandika.

Kisigino: Babu usikimbilie hivyo. Plagi feki zinamwaga kelele za umeme kila mahali. Mimi naanza na plagi za Denso OG (orijino), mengine baadaye.

Babu_Spana: Wewe hata pancha utasema Denso.

Dada_Boxer: Ngoja niwape yangu. Forester yangu ilianza hivyo hivyo. Fundi akasema sensa ya krenki, nikatoa 60,000 ya mtumba. Wapi. Akasema basi ni kontrolo boksi (kompyuta ya injini), nikaanza kuchangisha laki tatu na nusu, hadi kikoba cha kazini nimeshakigusa. Usiku mmoja nimepaki nje kwa mama mkwe, nasubiri watu watoke, nacheza na simu. Nikakikandamiza kidude kwa kidole gumba, namba zikatulia. Nikiachia, zinaruka. Nikachukua tochi nikachungulia soketi chini ya usukani: pini moja ya graundi imetanuka, haikamati. Nikaibana kwa sindano. Basi. Sensa ya zamani ilikuwa nzima, na fundi alishaitupa.

Kisigino: Pole dada. Ila Subaru nazo!

Dada_Boxer: Usianze.

Biti_Kumi: Mpiga_Gia, "maelfu huko" ni elfu ngapi? Andika namba kamili iliyomo kwenye faili. Na unarekodi vitu vingapi kwa mpigo?

Mpiga_Gia: 16383.75, inajirudia hiyo hiyo. Vitu kama 14 hivi.

Biti_Kumi: Basi injini haihusiki. RPM huja kwa baiti mbili: ya kwanza mara 256, jumlisha ya pili, gawa kwa 4. Zote mbili zikiwa 255 unapata 16383.75 kamili. Hayo ni majibu yaliyoharibika njiani. IST za umri huo huongea kwa waya mmoja, pini namba 7 ya soketi, biti kama 10,000 hivi kwa sekunde, wakati CAN (mtandao wa data) za magari ya sasa nyingi ni 500,000. Wewe unaiuliza maswali 14 kwa mkupuo. Rekodi RPM peke yake dakika tano, uone.

Kisigino: Mimi nina kidude cha toleo la 1.5, hakijawahi kunisumbua.

Biti_Kumi: ELM327, chipu ya ndani ya vidude hivi, toleo la 1.5 haijawahi kutolewa na kampuni yenyewe. Waliruka kutoka 1.4 kwenda 2.0. Wachina ndio walioijaza hapo katikati 😂

Babu_Spana: Kwa hiyo chukua kidude cha OBDLink au vLinker, ukipata kisicho feki.

Mama_Vitz: Hivyo vya Bluetooth vinakubali iPhone? Changu hakionekani kabisa.

Biti_Kumi: Vya bei rahisi vingi havikubali. Tafuta cha WiFi au cha BLE (Bluetooth ya umeme mdogo).

Mpiga_Gia: Nimerekodi RPM peke yake, 16383 imepotea. Ila sifuri bado inakuja mara mojamoja.

Dada_Boxer: Kikandamize kwa kidole.

Mpiga_Gia: Shemeji amekiazima, yuko nacho Morogoro. Akirudi nitaleta majibu.

Kisigino: Hapo katikati weka plagi.

Mama_Vitz: Na IST hiyo inakula lita ngapi Dar hadi Moro? Nataka kuuza Vitz.