Naomba ushauri: kinanda cha kwanza kwa mpiga piano ya nyuzi

Wakuu, nahitaji kinanda cha kupangia na kurekodi nyimbo humohumo, bila kompyuta. Mkono umezoea piano ya nyuzi, kwa hiyo vibonye 88 vyenye uzito ni lazima. 61 vyepesi sivitaki hata kwa bei ya bure.

Nimebakiza Yamaha MODX8 na Korg Kross 2-88. Hofu yangu ni vibonye vya GHS (aina ya vibonye vyenye uzito vya Yamaha) vya MODX8: havina ule mkwamo mdogo wa nyundo unapobonyeza taratibu. Mnaovitumia, je, sauti ndogo kabisa za kupiga taratibu mnazimudu, au mnalazimika kubadili mpangilio wa mguso (jinsi kinanda kinavyogeuza nguvu ya kidole kuwa ukubwa wa sauti)?

Pedali pia: za Yamaha, FC4 huwasha na kuzima tu, FC3A hukubali kukanyagwa nusu. Kwa Korg, pedali yao ya DS-1H inatosha?