Waganga wa Classic tunafilisiwa na vyama vyetu wenyewe, halafu tunaitwa wachoyo

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nacheza Priest kwenye mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft Classic, zile seva za 2019 zilizobaki na sheria za zamani. Kazi yangu ni kuponya wenzangu wa chama, yaani kundi la wachezaji tunaopigana pamoja. Jana usiku tuko watu 40 ndani ya Molten Core, pango la maadui wakubwa (mabosi), Ragnaros bosi wa mwisho kabakiza damu kidogo, mana yangu, yaani nguvu ya uchawi, ikakata. Chupa zangu zote za Major Mana Potion, dawa ya kurudisha mana, ziliishia kwa mabosi waliotangulia. Tanki, yule anayepokea mapigo mbele, akafa, wote tukalala. Kiongozi akanifokea watu wote wakisikia: "Mganga gani anakuja vitani na chupa nne?"

Chupa nne nilizonunua kwa dhahabu yangu! Na hiyo dhahabu naitoa wapi?

Mwenye Mage, mchawi wa kushambulia, hawezi kunielewa. Ananikuta msitu wa Felwood nahangaika na adui mmoja aina ya satyr, yeye anaangusha watatu na kuondoka. Mimi ni Smite (pigo langu la uchawi), Smite, fimbo, kisha nakaa chini kunywa maji mana irudi. Nikitaka kuua haraka lazima nifute talanta za Holy (za kuponya) nipange za Shadow (za kushambulia). Bei yake inaanza dhahabu 1, inaruka 5, 10, inapanda hadi 50, na mimi 50 niliifikia zamani. Kwenda 50, kurudi 50 kabla ya vita. Dhahabu 100 imeteketea, sawa na kipando cha levo 40 pamoja na mafunzo yake, na hapo sijanunua hata chupa moja. Kuwa na mipango miwili ya talanta kulikuja 2009 kwenye toleo la baadaye, Wrath of the Lich King. Huku kwetu hakupo.

Lakini kilichonichoma ni ushonaji. Ni wenzangu wa chama walionibembeleza: "Shika ushonaji, chama kitakutunza." Nikapanda hadi 300, kiwango cha juu, kwa vitambaa vya Runecloth nilivyookota mwenyewe. Mooncloth moja, kitambaa cha thamani, inakula vitambaa viwili vya Felcloth, unaishona penye kisima cha mwezi, kisha unasubiri siku 4 ndipo ushone nyingine. Siku nne! Mwezi mzima ukijitahidi unatoka na saba. Zangu zote nimemkabidhi mtunza mali wa chama, bure. Wiki iliyopita nafungua mnada wa mchezoni, nazikuta zinauzwa, na muuzaji ni yeye yule. Nikauliza pesa iko wapi. Jibu: imetengeneza deraya za matanki.

Sikatai, deraya za chuma zina gharama. Ila tanki analipiwa, mganga anafokewa?

Nimewaambia: chupa kumi kwa kila mganga kila usiku wa vita, la sivyo Mooncloth sitoi tena. Nikaitwa mchoyo.

Waganga wenzangu, huko kwenu mnalipwaje? Mimi ya kesho nikiishona inakwenda mnadani kwa jina langu.