Mtumishi wa ofisi kufika kazini kwa baiskeli hapa Tabora: aibu iko wapi?

Ndugu zangu, naileta hapa hoja iliyozuka katika kikao cha wafanyakazi ofisini kwetu, Tabora mjini, kwa kuwa tuliiacha njiani na mimi sikuridhika. Mwenzetu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema kwamba mtumishi anayehudumia wananchi hapaswi kufika kazini kwa baiskeli akiwa na nguo zake za kazi, kwa sababu ya jasho, vumbi na mvua. Akaongeza kwamba kwa sisi wanawake kuna jambo la nne, yaani mama mwenye sketi juu ya baiskeli hapendezi machoni. Mimi ni karani, naishi Ipuli, na huu ni mwaka wa nne naendesha baiskeli kwenda kazini na kurudi. Msimamo wangu ni kwamba mengi kati ya hayo yana dawa, na dawa kubwa anayo mwajiri.

Nianze na jasho, ambalo sioni kwa nini linatusumbua sisi wa Tabora. Mji wetu umekaa juu ya uwanda, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ni tambarare. Ndugu zetu wa Kigoma, wenye vilima vya kupanda baada ya kushuka ziwani, hao nawaelewa wakilalamika. Hapa jasho huletwa na haraka. Nikitoka nyumbani mapema nafika kwa dakika 20 bila kuhema, hata mwezi wa kumi joto linapokuwa kali, mradi nimevaa pamba au kitenge na si kitambaa cha nailoni. Dakika hizo 20 za kwenda na 20 za kurudi, kwa siku tano, zinazidi zile 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima aupe mwili mazoezi, na mimi sijalipa nauli wala kutafuta uwanja.

Tope ndilo lenye maneno mengi, na hapa nadhani tunailaumu baiskeli kwa kosa la aina ya baiskeli. Zile walizoendesha wazee wetu zilikuwa na madigadi ya chuma mbele na nyuma, kava iliyofunika cheni, kiti chenye springi na usukani unaomfanya mtu akae wima. Mwalimu alifika shuleni suruali yake ingali na mstari wa pasi. Baiskeli nyingi za gia zinazouzwa leo zimeundwa kwa ajili ya michezo ya milimani: hazina madigadi wala kava, na mpandaji huinama. Ukipita nayo kwenye dimbwi mara moja tu, tairi la nyuma linakuchora mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Yangu ni fremu ya kike, ile isiyo na bomba la juu, ambayo fundi wangu wa chini ya mwembe aliitengenezea kava ya cheni kwa bati la debe la mafuta. Alilikunja kwa nyundo ndogo akiligeuza juu ya goti, akalainisha kingo zote kwa tupa ili zisikwaruze, kisha akalifunga kwa nati mbili. Tangu siku hiyo sketi yangu haijashikwa na cheni hata mara moja.

Mvua ya kwetu, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, mara nyingi huja na radi, hupiga kwa nguvu kisha hupita. Anayeweza kusubiri nusu saa asubiri, kwa kuwa radi si ya kushindana nayo. Iliyobaki ni manyunyu, na kwa hayo vinatosha koti la mvua, kandambili miguuni na viatu vya kazi ndani ya mfuko kwenye karia. Kuna siku chache kila msimu ambazo naiacha baiskeli na kupanda bodaboda, na sioni kuwa siku hizo zinafuta zile nyingine zote. Uholanzi na Denmark mvua hunyesha mwaka mzima, na watu huenda kazini kwa baiskeli wakiwa na suti zao; tofauti ni kwamba huko baiskeli imetengewa njia na mahali pa kuwekwa.

Kuhusu heshima ya mwanamke, naomba tuseme kweli. Sijasikia mtu akisema kwamba mama aliyepakia gunia la mkaa au madumu ya maji kwenye baiskeli hapendezi machoni. Maneno hayo huanza anapovaa nguo za ofisi.

Niliwahi kutumwa kupeleka barua katika ofisi fulani, mlinzi akanizuia getini kwamba baiskeli haziingii, huku pikipiki zikipita mbele yangu. Niliiegemeza nje kwenye mwarobaini, na niliporudi taa ya nyuma na pampu havikuwepo. Siku ile niliumia, na si kwa sababu ya pampu.

Ziko barabara, na hapo wanaopinga wana hoja nzito kuliko zote. Lami inapojengwa, mwendesha baiskeli huachiwa ukingo tu, kati ya lori na mtaro ulio wazi, na jioni giza likiingia hali huwa mbaya zaidi. Mimi hupita njia za ndani za mitaa, lakini najua kwamba huko ni kukwepa tatizo, na kwamba halmashauri ndiyo yenye uwezo wa kulitatua.

Nimeandika ombi litakalosomwa kikao kijacho: banda la bati la kutosha baiskeli kumi, ndani ya uzio, kando ya lile la pikipiki, pamoja na bomba la kunawia miguu. Anayeona halifai aniambie sasa kwa sababu gani, hasa kama yeye mwenyewe ndiye mwajiri.