Mama kaibiwa mafao yake, benki imempa KIPEPERUSHI!

Mtoto wa Nesi (mleta mada)

Wakuu, nimetoka benki sasa hivi na mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mtanivumilia.

Jina la benki siandiki. Mnaijua. Ile yenye bango kwenye kila mzunguko wa barabara, na mdada anayecheka meno yote 32 utadhani wao ndio wanaokulipa makato wewe.

Mama yangu ni nesi mstaafu. Amezalisha nusu ya wilaya hii, na nina hakika wamo baadhi ya wanaokaa nyuma ya vile vioo. Ameibiwa milioni 11 na ushee, mafao yake, jasho la wodini. Leo tumeenda kulalamika. Mnajua alichopewa? Kipeperushi. Karatasi ya kung'aa iliyokunjwa mara tatu, "Linda Namba Yako ya Siri". Kawekewa mkononi mbele ya foleni nzima, na yule kijana wa kaunta akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa mlinzi wa nje: "Mama, siku nyingine uwe unasoma."

UWE UNASOMA! Anaambiwa mwanamke aliyesoma dozi za wagonjwa kwa taa ya chemli wakati huyo kijana hajatungwa mimba!

Ilivyokuwa ni hivi. Imeili ilikuja na nembo ya benki, rangi za benki, majina yake yote matatu na tarakimu nne za mwisho za akaunti yake. Akaunti itafungwa usiku huu usipohakiki taarifa, bonyeza hapa. Hizo tarakimu matapeli walizitoa wapi, waliota? Akabonyeza. Ukurasa uliofunguka na ule wa benki ni pacha wa tumbo moja. Akaweka jina na neno la siri. Ikaingia meseji ya namba sita, meseji HALISI ya benki, chini kabisa ya meseji zile zile za makato anazotumiwa kila mwezi. Ukurasa ukaomba zile namba, akaandika. Kufika alfajiri hela imeshahamia kwenye laini za simu za watu asiowajua, mafungu mafungu, na imeshatolewa kwa mawakala.

Mimi nikitaka laki tano dirishani kwao naombwa kitambulisho, sahihi, sahihi haifanani, rudia, hela ya nini, shangazi wa babu yako aliolewa wapi. Lakini usiku wa manane akaunti ya bi mkubwa ambaye hajawahi kutoa zaidi ya laki mbili inakamuliwa mpaka shilingi ya mwisho, na mfumo wao umelala fofofo. Alipopiga huduma kwa wateja wakampigia muziki. Muziki mpaka salio la simu likakata!

Na wiki hiyo hiyo benki hiyo hiyo ilimtumia imeili ya promosheni, yao kabisa, imeandikwa bonyeza hapa ushinde pikipiki. Wao wenyewe wanamzoesha mteja kubonyeza, akibonyeza wanamwambia hajasoma.

Halafu kipeperushi! Nje Kiswahili, ukikifungua ndani Kiingereza kitupu. Kakibeba hadi nyumbani, kakiweka juu ya meza, anakitazama tu.

Sitaki ushauri. Niambieni kama hii ni haki.

Kapuku Mtukufu

Nimekaa paleee, nasubiri watetezi wa benki waje.

Nyundo ya Mbagala

Mleta uzi pole, ila tuwekane sawa. Bi mkubwa kapigwa kwa namba alizotoa mwenyewe. Zile namba sita ndizo ufunguo wa mlango. Meseji yenyewe inasema usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Sasa benki ifanyeje, imshike mkono?

Mtoto wa Nesi

Hakumpa mtu! Aliandika kwenye ukurasa. Meseji inasema usimpe MTU. Mahali gani imesema kwamba namba hizi zinatumika kuhamisha hela au kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine? Wangeandika hivyo, mama yangu angeacha pale pale. Wewe umeshawahi kupewa kipeperushi mbele za watu?

Kiroboto255

Mimi nimewahi, cha injili, stendi ya Ubungo.

Bint Makumbusho

Nyundo acha ukatili. Kwenye simu huoni anwani ya mtumaji, unaona jina tu, na jina mtu anaweza kuandika lolote hata "Benki Kuu". Mpaka uliguse jina ndipo anwani kamili itokee. Niliyotumiwa mimi walikuwa wameweka tarakimu 1 mahali pa herufi l. Nani ataliona hilo jioni amechoka? Siku hizi mimi sibonyezi linki ya benki hata iwe ya kweli. Nafungua programu yao mwenyewe kwenye simu, kama kuna jambo nitalikuta humo.

Lakini haya ya kwenu madogo. Ofisini kwetu mhasibu alipata ankara kutoka kwa msambazaji wetu wa Guangzhou. Ndani ya mazungumzo yale yale ya imeili, salamu zile zile, hadi utani wao. Ila safari hii "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, lipeni kwenye hii mpya". Kontena zima la vigae. Hela ikaenda, msambazaji anauliza mbona hamlipi. Kumbe mtu alishaingia kwenye imeili zao siku nyingi, anasoma kimyakimya anasubiri ankara kubwa.

Kiroboto255

Kontena la vigae! Mleta uzi funga uzi wako, wenye misiba wamefika.

MzeeKigamboni

Hiyo ya ankara ndiyo iliyomfunga Hushpuppi, yule tapeli wa Nigeria. Alikamatwa Dubai 2020, akapelekwa Marekani, Novemba 2022 mahakama ya Los Angeles ikampa miaka 11 na ushee. Kabla ya hapo alikuwa anaanika magari na saa mtandaoni, na vijana wetu wanamwita bosi. Binti, waambie ofisini kwenu akaunti ikibadilika msijibu ile imeili. Mpigieni mtu kwa namba mliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo imeili, maana huko atapokea mwizi mwenyewe.

Dada wa Leeds

Mleta mada, hasira yako ni halali kabisa. Huku Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu akidanganywa akatuma hela mwenyewe benki inalazimika kumrudishia, hadi pauni 85,000, na hasara wanagawana benki iliyotuma na iliyopokea. Labda wathibitishe uzembe uliopitiliza. Na kisa cha mama wala kisingehesabiwa hivyo, kwa sababu aliyehamisha hela ni mwizi, siyo yeye. Hapo ulinzi ni mkubwa zaidi. Benki ikishajua hasara ni yake, inaamka yenyewe usiku.

Mtoto wa Nesi

MMESIKIA? Aliyehamisha ni mwizi! Huku kwetu mwizi kahamisha, benki imemfungulia mlango, mama kapewa kipeperushi!

Kapuku Mtukufu

Leeds hukosi uzi hata mmoja. Jana uzi wa maharage ulituambia ya huko yanaiva haraka.

Fundi Laini

Wakuu tuacheni utani kidogo, kuna mama analia. Hela ikihamia kwenye laini za simu, saa ya kwanza ndiyo ya dhahabu. Unapiga benki wafunge akaunti, na wakati huo huo mwingine nyumbani anapiga kampuni ya simu iliyopokea wazuie salio. Ikishatoka kwa wakala, imekwenda. Kisha polisi, upate RB, yaani namba ya taarifa yako, useme ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usikubali kuandikiwa "upotevu". Benki ikikujibu hovyo, andika malalamiko kwa barua wakugongee muhuri wa kupokea, halafu upeleke Benki Kuu, kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019. Maneno ya dirishani hayana ushahidi.

Meseji za kitapeli zirusheni kwenda 15040. Na kila mmoja wenu apige *106# sasa hivi aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mimi nilikuta moja siijui kabisa. Laini kama hizo ndizo zinazopokelea hela za akina mama.

Kikomo cha kuhamisha kwa siku pia kinashushwa. Mstaafu anayetoa laki mbili akae na kikomo cha laki tatu, akitaka zaidi aende tawini.

Kiroboto255

Nimepiga *106#. Nina laini ambazo hata mke wangu hazijui. Sasa nazifutaje kabla hajasoma huu uzi?

Nyundo ya Mbagala

Hela imeishia Sumbawanga hiyo, wala msisumbuke.

Mfipa Halisi

Tumeanza! Kila meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mnatupa sisi. Mimi niko Sumbawanga mjini, natumiwa hiyo meseji kila Mungu akijalia asubuhi. Wananitapeli nikiwa nyumbani kwetu! Mbona TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wakitoa taarifa zao za utapeli wa simu Morogoro nayo imo humo humo na hamuitaji?

Bint Makumbusho

Morogoro hapana jamani, sisi tumekosa nini tena?

Mfipa Halisi

Ahaa. Imeuma?

Jirani wa Kisumu

Poleni ndugu zetu. Sisi huku simu ikilia na mtu asiyejulikana anakuambia "nimetuma pesa kimakosa", watu husema ni Kamiti inapiga, yaani wafungwa wa gereza la Kamiti. Mama yangu mdogo walimbadilishia laini. Simu ilikosa mtandao saa mbili usiku, akadhani ni hitilafu, akalala. Asubuhi akiba ya chama yote haipo. Simu ikikosa mtandao ghafla na ya jirani inashika, usilale. Walio Safaricom pigeni *100*100#, laini isibadilishwe bila nyinyi kufika dukani.

Mrejesha Hela TZ (mwanachama mpya)

Pole sana mleta mada. Nami niliibiwa milioni 20 nikasaidiwa na mtaalamu wa mitandao akazirudisha zote ndani ya siku moja. Njoo inbox nikupe namba yake, anaomba gharama ndogo tu ya kufungulia faili.

Fundi Laini

Huyo hapo, mchana kweupe! Wanazunguka kutafuta walioibiwa ili wawaibie mara ya pili. Anayekuomba hela kwanza ili akurudishie hela ni mwizi, hakuna wa kweli hata mmoja. Mods mpigeni kufuli.

Kapuku Mtukufu

Kajiunga leo, ujumbe wake mmoja, na una msaada. Tapeli ana haraka kuliko huduma kwa wateja ya benki.

Mtoto wa Nesi

Ameshanifuata inbox huyo, tena ananiita "mpendwa"! Angalau yeye kajibu, benki hata meseji ya pole hakuna. Na jamani mbona mmehamia Morogoro? Hapa ni kipeperushi! "Uwe unasoma" mbele ya watu! Yule mzee nyuma yetu kwenye foleni aligeuza uso asimwangalie mama.

MzeeKigamboni

Kijana, taarifa za wateja zinavuja. Tarakimu za akaunti hazikuota zenyewe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo. Peleka na huko. Ila nina swali, mama alipewa mafao kwa kikokotoo kipi, yaani ile hesabu ya mstaafu anapewa kiasi gani kwa mkupuo?

Nyundo ya Mbagala

Mzee usilete kikokotoo humu.

Mwalimu Mstaafu Mtarajiwa

Aache kwa nini? Wizi mkubwa ulianzia huko. Waliozoea kusubiri mkupuo wa asilimia 50 wakaambiwa 33, hadi bajeti ya 2024 ndiyo ikatajwa 40. Tapeli alichukua kilichobaki tu.

Dada wa Leeds

Lakini nyingine inabaki kwenye pensheni ya kila mwezi, haipotei.

Mwalimu Mstaafu Mtarajiwa

Dada, pensheni ya mwezi utajengea nini? Bati moja kila mwisho wa mwezi? Mkupuo ndio nyumba. Na huo mkupuo ukiingia benki, mwezi wa kwanza tu unakutana na makato ya kuendesha akaunti, makato ya kadi, makato ya meseji ya kukujulisha kwamba umekatwa.

Kiroboto255

Makato ya meseji ya makato! Hapo ndipo wangefungua uzi. Mimi ATM ilimeza kadi Ijumaa ya sikukuu, nikala sikukuu kwa mkopo wa dukani.

Jirani wa Kisumu

Afadhali kadi. Yangu ilimeza kadi na pesa haikutoka, lakini kwenye akaunti imeandikwa imetoka.

Bint Makumbusho

Hiyo yako inarudi yenyewe, andika dai tawini uwe na saa na mashine ipi. Yangu ilirudi.

MzeeKigamboni

Tusitoke kwenye kikokotoo. Aliyestaafu Machi 2024, kabla ya hiyo bajeti, anahesabiwa na wa 33 au wa 40? Mdogo wangu wa Kibaha yuko hapo katikati na ofisini kwao wanamzungusha. Mwalimu, jibu hilo kwanza.